Makaa Yanayozimika Chini ya Goti

Majirani zangu hapa Alunguli, mtaa wa Kindu, hawajaelewa bado nilikuwa nafanya kazi gani. Kindu ni mji wa mto na udongo mwekundu. Ukichimba kisima hapa hutakuta jiwe jeusi lenye matundu, hata uombe. Nilipowaambia kwamba miaka yangu ya kazi niliimalizia Goma nikilinda mlima, Mama Feza wa nyumba ya pili aliacha kupepeta mchele.

"Unalinda mulima, nani ataiba mulima?"

"Mwizi wa mulima hakuna. Wanaiba betri zake."

"Kumbe mulima iko na betri?"

Hapo nikaona afadhali niandike, maana kueleza kwa mdomo nimeshindwa.

Ninawaandikia ninyi mliobaki ofisini Goma, kwenye kituo cha kuchunguza volkano, mliosema siku ya kuniaga kwamba niwaachie kitu. Kitambaa mlichonipa nimeshashona. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka; anayetaka kucheka atafute kwingine.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla machozi ya kumlilia baba hayajakauka, nikabaki na wadogo wawili, Zaina na Asumani. Niliacha shule wakati huo. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenirudisha. Mama hakuacha mali, aliacha neno. Aliniita karibu na kitanda akasema, "Wadogo zako wasilale pahali wewe haujalala kwanza." Alikuwa anawaza nyumba za ndugu, nadhani, na mambo yanayowapata yatima katika nyumba za ndugu. Mimi nililichukua neno lile kama lilivyo, na nimelitumia kwa mambo ambayo mama hakuyajua.

Nilikwenda Goma kwa shangazi yangu, muuza samaki, nikiwaacha wadogo kwa bibi hapa Kindu mpaka nipate kazi. Vita vikafunga njia nyuma yangu. Treni ilisimama, na barabara ya kupitia mji mdogo wa Kama ikawa ya wenye bunduki. Jioni yangu ya kwanza Goma niliona mawingu juu ya mlima Nyiragongo yamekuwa mekundu kama jiko, nikaanza kufunga kanga zangu. Shangazi hakugeuka hata kichwa.

"Ukiona nyekundu, lala. Siku usipoiona, uniamshe."

Baadaye nilijifunza kwamba si kanuni ya kutegemea, kwa sababu mawingu mazito nayo huficha. Lakini wazo lake lilikuwa na maana. Juu ya Nyiragongo kuna chungu, ndani ya chungu kuna ziwa la mawe yaliyoyeyuka. Chungu kikiwa wazi, mvuke unatoka. Kikijifunika, ndipo mpishi anapaswa kusimama karibu.

Siku ya kwanza ofisini nilipewa sufuria. Walitaka mpishi wa kupanda na watu mlimani, mtu asiyelalamika juu ya mvua. Mkuu wa msafara alikuwa Papa Bahati, mzaliwa wa vijiji vya chini ya mlima, mwembamba, mwenye koti moja la mvua ambalo tayari lilikuwa limetobolewa na cheche. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliuliza kama ninajua kusonga bugali kwa moto wa kuni mbichi. Nilijua. Akaniita Kindu, na jina hilo likanikaa mpaka siku ya kuniaga.

Yote ninayoyajua kuhusu volkano niliyajua kwanza jikoni. Papa Bahati alifundisha kwa vitu vilivyokuwa karibu. Aliniambia kwamba ardhi ya mashariki yetu inavutwa pande mbili, polepole kuliko ukucha unavyokua. Chini kabisa mawe yana joto la kutosha kuyeyuka, lakini hayayeyuki, kwa sababu yamebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake. Ardhi ikivutwa, uzito unapungua, na mawe yanayeyuka. Si kwamba moto umeongezeka. Ni mkono uliolegea. Yakiwa bado chini, mawe hayo huitwa magma. Ni mepesi kuliko mawe yaliyo kando yake, kwa hiyo hupanda, yakitafuta nyufa. Yakitoka nje huitwa lava.

"Sasa kwa nini mulima ingine inalipuka, ingine inamwagika tu?" nilimuuliza.

Akanionyesha sufuria zangu mbili. Katika moja nilikuwa ninachemsha mawese, katika nyingine bugali.

"Angalia mawese. Pofu inapanda, inatoka, haina magomvi na mutu. Angalia bugali. Pofu inafungwa ndani. Inasukuma, inasukuma, kisha pwaa! Mukono yako inaungua. Mulima njo vile. Ile ya mawese inamwagika, ile ya bugali inapasuka."

Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira ni milima ya mawese. Hata hivyo haifanani. Nyamulagira ni pana na imelala chini kama sahani iliyogeuzwa, kwa sababu lava yake imekwenda mbali mara nyingi na kupoa tabaka juu ya tabaka. Hutoa moto mara kwa mara, karibu kila mara porini, na shida yake kwa watu ni majivu na mvua chungu inayounguza maharagwe na kuharibu maji ya mapipa. Nyiragongo ni mwinuko mkali, na lava yake ni nyepesi mno. Kwenye mteremko inaweza kumshinda mtu anayekimbia. Tena mji uko miguuni pake. Kisha kuna Mikeno, iliyozimika zamani sana, mvua imeila mpaka ikabaki kama jino. Nchi nyingine zina milima ya bugali, ambayo hukaa kimya mpaka watoto wa watoto wasahau, halafu hutupa majivu juu mbinguni. Sijaiona. Sina hamu.

Niliwahi kumuuliza Papa Bahati mlima uliokaa kimya umelala au umekufa. Alisema mlima haumwambii mtu.

Sasa niingie kwenye jambo mnalolicheka, kwa sababu kila mmoja wenu amelisikia kwa namna yake.

Kando ya ziwa, magharibi ya mji, kuna mabonde madogo ambamo majani hukauka na ndege huanguka. Watu wa pale huyaita mazuku. Papa Bahati alinipeleka kuona bonde moja. Mbuzi wawili walikuwa wamelala chini kama wamechinjwa bila kisu. Mimi ni mtu wa Kindu, nimelelewa na bibi aliyejua Kiswahili cha wazee wa pwani. Kwetu mzuka ni kitu kinachotokea pasipo mwili. Niliposikia mazuku, nilisikia mizuka. Sikuuliza. Kwa mizuka sisi tuna dawa yetu.

Safari iliyofuata nilichukua chetezo cha shangazi, kile kigae cha udongo tunachofukizia nguo na nyumba, nikajaza makaa mekundu na ubani. Tulipofika nilishuka ukingo wa bonde nikisoma dua, chetezo mkononi. Nilikishusha. Kilipofika usawa wa goti moshi wa ubani ulianza kutambaa pembeni kama uliowekwa juu ya meza. Nikakishusha zaidi. Makaa yakawa meusi. Nikakiinua, nikapuliza, yakawaka tena kidogo. Nikakishusha, yakazimika.

Nilipanda juu mbio, nikamwambia Papa Bahati kwamba mizuka ya huku ni mikali, inakula moto.

Alikaa chini kwa kucheka. Kisha akatoa mfukoni taa yake ndogo ya mafuta, akaiwasha, akaifunga kwenye fimbo, akaishusha bondeni. Ikazimika pale pale makaa yangu yalipozimika.

"Weye mutu wa Kindu, hii si mizuka. Ni hewa."

"Hewa gani inaua mbuzi?"

"Hewa ya muzito. Inatoka ndani ya magma, inapita mu nyufa, inakaa mu shimo sawa maji. Moto haiwake ndani yake, na mutu hawezi pumua. Mbuzi iko na pua chini, njo maana imekufa. Weye pua yako iko juu, njo maana unasema mingi."

Alinifundisha sheria za mazuku siku ile, nami ninawarudishia hapa. Usishuke peke yako. Usiiname kuokota kitu, hata kama ni chako. Na usipime mchana. Jua likipanda, upepo wa ziwa huitawanya ile hewa. Inajikusanya wakati wa utulivu, na inakuwa nzito zaidi kabla ya jua kutoka. Nilimwahidi kwamba chetezo nitakiacha nyumbani. Yeye mwenyewe akasema nije nacho, kwa sababu moshi wa ubani unaonyesha uso wa ile hewa, kitu ambacho taa haionyeshi. Tangu hapo tulikwenda na vyote viwili. Leo mna kifaa kinacholia chenyewe. Kitumieni, sina ugomvi nacho.

Miaka ya vita kazi iliendelea kwa namna yake. Kalamu iliyokuwa ikichora mitikisiko ya ardhi juu ya karatasi haikujua vita. Tulijifunza kusoma tofauti. Lori ni mstari unaovimba na kupungua. Bomu ni mkwaruzo mfupi, umekwisha kabla hujainua kichwa. Mlima una mkia mrefu. Kuna asubuhi tulifurahi kuona mkia, kwa sababu ulikuwa mlima tu. Vituo vyetu vya vipimo huko juu mlimani viliporwa mara nyingi, betri na vioo vya umeme wa jua, na waliovipora walitupita njiani wamebeba, wakatusalimia vizuri.

Katika miaka hiyo Asumani alinifikia kwa ndege ya mizigo, ameketi juu ya magunia ya mchele wa Kindu. Zaina alibaki na bibi. Asumani alikuwa kijana tayari, seremala, mcheshi, mwenye haraka. Alioa Goma, msichana aitwaye Furaha, mimi nikisimama mahali pa mama. Kwenye harusi Papa Bahati aliwasimulia wote habari ya ubani na mizuka. Asumani alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba kicheko kile kitanirudia.

Muda si mrefu akaja ofisini na habari njema, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, nimepata kiwanja. Karibu na ziwa, udongo laini, jiwe hakuna. Watu wa Goma wanakufa kwa kuvunja mawe, mimi nachimba na jembe tu."

"Iko juu ama chini?"

"Chini kidogo. Upepo haufike kabisa."

"Njo ubaya wake, Asumani. Pahali upepo haufike, hewa inakaa."

"Wapi! Sasa, Yaya, utaniletea ubani?"

Unaweza kumlisha mtu, ukamvisha, ukasimama kwenye harusi yake, akakuamini kwa yote, kisha asikuamini juu ya hewa. Nilimwomba Papa Bahati aende naye. Lakini Asumani alikuwa na nafasi mchana tu, na mchana ule upepo wa ziwa ulikuwa unapiga. Taa ilishuka mpaka chini, ikawaka vizuri. Papa Bahati alisema warudi kabla ya jua siku nyingine. Asumani akamjibu kwa heshima, "Papa, taa imewaka mbele yako." Akaanza kujenga.

Halafu mlima ukatoa moto. Sitawaeleza yote, wengi wenu mlikuwa watoto mgongoni mwa mama zenu na mmesimuliwa. Niseme tu lile la kazi. Haukutapika kwa mdomo. Ulipasuka ubavuni, ufa ukashuka kuelekea mji, na ziwa la moto lililokuwa juu likamwagika kupitia chini, kama mtungi uliotobolewa kitako. Kwa hiyo mtu anayeangalia kilele peke yake anaangalia mahali pasipo. Lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulitembea na umati, godoro kichwani, nami nikiwa na chetezo ndani ya sufuria, sijui kwa nini. Siku za kurudi tulivuka juu ya lava iliyopoa usoni tu, viatu vikinuka. Nyumba ya shangazi haikuwepo. Nyumba ya Asumani, bado bila milango, ilisimama nzima katika bonde lake.

"Umeona, Yaya? Moto umenikosa."

Watu wengi hudhani mlima ukishatoa umemaliza. Lakini ardhi iliyopasuka ni ardhi yenye njia mpya, na gesi hupita mahali ambapo haikupita zamani. Baada ya mlipuko tulizunguka na taa katika vyumba vya watu, ikazimika katika pembe za nyumba ambazo zilikuwa salama toka zamani. Wakati huo Furaha alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Mwamini. Asumani alitia milango, akapeleka kuku mbele ili nyumba isikae tupu. Asubuhi kuku wote walikuwa wamekufa.

"Kuna mutu ananiroga," aliniambia. "Wivu. Nyumba zao zimeungua, yangu imebaki."

Nilimwambia ni hewa. Akaniambia nisianze. Furaha alikuwa amekwisha kufunga vyombo; walikuwa wanahamia kesho yake, na mtoto angelala kwenye mkeka, chini, kama watoto wetu wote wanavyolala mchana na kama wengi wanavyolala usiku. Sikuwa na la kuongeza juu ya hewa. Nilibaki na neno la mama.

"Asumani, mama alisemaje?"

Kwa neno lile hakuwa na mzaha.

"Wadogo wasilale pahali Yaya hajalala."

"Basi mimi njo wa kwanza kulala."

"Karibu, Yaya. Njoo ulale. Nyumba ni yako."

Nilikwenda kabla ya jua kutoka, wakati ziwa limetulia kama sahani. Papa Bahati alisimama mlangoni, kwa sababu ya sheria ya kutoshuka peke yako. Asumani alikuja na Furaha, mtoto mgongoni. Niliwaambia wafungue mlango, kisha wasimame wima. Ndani nilitandika mkeka kwa mguu, bila kuinama, pale Furaha alipokuwa ameonyesha kwamba mtoto atalala. Asumani aliona ninachokitoa kwenye kikapu akapiga makofi.

"Nilisema! Ubani! Yaya umekuja kulala ama kufukiza?"

"Nimekuja kulala. Lakini huyu atalala mbele yangu," nikasema nikimwonyesha chetezo.

Makaa yalikuwa mekundu, moshi ukipanda sawasawa mpaka kwenye mabati. Nilisimama wima, chetezo kikining'inia kwa kamba kwenye fimbo ya Papa Bahati, nikakishusha polepole. Kiunoni kiliwaka. Gotini moshi ulilala ukatanda chumba kizima, mweupe, umenyooka kama shuka. Tuliona wote pale ulipoishia. Nikakiweka juu ya mkeka.

Makaa yalikuwa mekundu, yakawa ya kahawia, yakawa meusi.

"Amelala," alisema Asumani.

Furaha alikuwa tayari nje, anapanda mteremko, mkono nyuma ukimshika mtoto.

Asumani alivunja nyumba ile kwa mikono yake mwenyewe. Mabati na milango aliihamisha juu, kwenye lava ya zamani, akavunja mawe miezi mingi kama watu wote wa Goma. Mzaha wa ubani hakuuacha, aliugeuza tu: kila mgeni aliyefika alisimuliwa jinsi dada yake alivyokwenda kufukuza mizuka akaipata. Bondeni tuliweka alama. Watu waling'oa mti wa alama kwa kuni, tukaweka mwingine. Mnajua kazi hiyo; bado mnaifanya.

Papa Bahati alipopumzika aliniachia taa na fimbo. Taa nimewaachia ninyi, iko kwenye kabati la vifaa, utambi mpya. Chetezo nimekuja nacho, kwa sababu ni cha shangazi.

Hapa Kindu ardhi haina habari na mtu. Zaina anaishi karibu, wajukuu wake hushinda kwangu, na wakichoka kucheza hulala popote walipoangukia, chini. Ijumaa mimi huwasha chetezo kama wanawake wote wa mtaa. Mama Feza, aliyekuja kuazima ungo, aliniona nimekiweka sakafuni, katikati ya watoto waliolala, nami nimekaa kwenye kigoda nakitazama.

"Mama, chetezo watu wanaweka chini ya nguo. Wewe unafukiza sakafu?"

"Sifukize."

"Sasa unafanya nini?"

"Naangalia kama inawaka."

Aliinama akaangalia pamoja nami. Makaa yalikuwa mekundu mpaka chini.

"Inawaka," alisema.

"Basi waache walale," nikamwambia, nikaenda kumtafutia ungo.